Risala ya Waandishi wa Habari za Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa chama chetu,
Watafiti na wahariri waalikwa,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako za kusimamia utafiti na kuja kutusikiliza sisi tunaouandikia umma habari za utafiti huo. Tunayo mengi ya kusema, lakini leo tumeona ni vema tulieleze kwa kina jambo moja tu, nalo ni namba zinazotangazwa katika habari za afya na sayansi, pamoja na nafasi ambayo mwandishi anahitaji kupewa ili aziandike ipasavyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Mwezi Oktoba 1995, kamati ya Uingereza iliyoshughulikia usalama wa dawa ilitahadharisha kwamba aina fulani za vidonge vipya vya kuzuia mimba ziliongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kauli hiyo haikuwa ya uongo. Hata hivyo, hatari iliyoongezeka maradufu ilikuwa kiasi gani hapo awali? Kwa wanawake 7,000 waliotumia vidonge vya zamani, takriban mmoja ndiye aliyepatwa na tatizo hilo kwa mwaka, na kwa waliotumia vile vipya wakawa takriban wawili. Yaani ongezeko lote lilikuwa mwanamke mmoja katika kila 7,000. Vyombo vya habari vilishika neno maradufu vikaiacha ile 7,000. Wanawake wengi wakaingiwa na hofu, wakaacha vidonge, na inakadiriwa kwamba mwaka uliofuata idadi ya mimba zilizotolewa katika England na Wales iliongezeka kwa takriban 13,000. Kinachotuumiza zaidi ni kwamba ujauzito wenyewe huleta hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vidonge vilivyokimbiwa.

Miaka 20 baadaye, Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi moja na uvutaji wa sigara, na papo hapo vikasikika vichwa vya habari vilivyodai kuwa viwili hivyo vinadhuru sawasawa. Ukweli ni kwamba makundi hayo hupangwa kwa kuangalia uzito wa ushahidi kuwa kitu fulani husababisha saratani. Hayapimi ni watu wangapi wanaougua kwa sababu yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Makosa ya namna hii kwa kawaida hayatokani na nia mbaya. Mwandishi hupokea taarifa kwa vyombo vya habari asubuhi, anatakiwa kukabidhi habari kabla ya jioni, na taarifa hiyo mara nyingi imeandikwa na kitengo cha mawasiliano kinachotaka taasisi yake isikike. Ndani yake kuna asilimia ya ongezeko, lakini hakuna idadi ya watu iliyoanziwa. Kuitafuta idadi hiyo kunamlazimu asome makala kamili ya utafiti, afungue majedwali, kisha ampate mtaalamu asiyehusika na utafiti huo amweleze kama hitimisho linabebwa na takwimu. Wengi wetu ni waandishi wa kujitegemea, tunalipwa kwa makala iliyochapishwa, na saa hizo za kuhakiki hakuna anayezilipia. Tunazitumia hivyo hivyo, kwa kuwa msomaji ataamua kuhusu mwili wake kwa kutegemea tulichoandika.

Kwa hiyo tunakuomba, kwa nafasi yako, uelekeze kwamba kila taarifa inayotoka katika taasisi yako ioneshe idadi kamili kando ya asilimia, iambatanishwe na makala yote ya utafiti, na itufikie siku chache kabla ya kutangazwa, kwa sharti la kutoichapisha mapema, kama yanavyofanya majarida makubwa ya kisayansi. Tunaomba pia watafiti wako wapokee simu zetu hata pale swali linapoonekana dogo mno, maana swali la "kutoka wangapi hadi wangapi" ndilo ambalo halikupewa uzito mwaka 1995. Kwa wahariri waliopo hapa, ombi letu ni fupi: kichwa cha habari kisomwe na aliyeandika habari kabla hakijachapishwa.

Tunaomba kuwasilisha.