Mafundi wenzangu, tusipige Windows kwa sababu ya ikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na mafundi wenzangu wa kompyuta, na pia na wateja wetu ambao kompyuta zao zimebeba siri za watu wengine.

Mimi ni fundi, nina kibanda Ngamiani hapa Tanga, huu ni mwaka wa 14. Kazi zangu nyingi ni zile zile za kila fundi: kubadilisha kioo, kusafisha feni, kuchomelea tundu la chaji. Mwezi uliopita aliingia mama mmoja, wakili, mtu ninayemheshimu kwa namna anavyowasimamia wajane kwenye kesi za mirathi. Nilimwamkia, akaitikia, akaweka laptopu mezani na kusema, "Mwanangu, kompyuta yangu imepoteza rangi. Nilikotoka wameniambia haina dawa, ipigwe Windows, yaani ifutwe yote iwekewe Windows upya."

Nilimwomba aiwashe na aandike nenosiri mwenyewe, mimi nikageuka nikatazama ukutani. Ilipofunguka nikaona ni Qubes OS.

Kwa wasioujua, huu ni mfumo wa uendeshaji ulioanzishwa na Joanna Rutkowska na wenzake wa Invisible Things Lab kule Warsaw, Poland. Ulitangazwa mwaka 2010, na toleo la 1.0 likatoka Septemba 2012. Waliouunda walianza na neno moja zito: programu zina makosa, na ipo siku mojawapo itavamiwa. Kwa hiyo kompyuta inagawanywa vyumba vyumba kwa kutumia Xen, programu inayoifanya kompyuta moja iwe kama nyingi, kila chumba kikijitegemea kama kompyuta nyingine kabisa. Virusi vikiingia chumba kimoja, visione cha jirani. Juu ya vyumba vyote yupo msimamizi anayeitwa dom0. Huyo ndiye anayeshika skrini na kibodi, na hana intaneti hata kidogo, kwa makusudi.

Kila chumba kina rangi yake. Ukiufunga mfumo mpya na kukubali vyumba unavyopewa, chumba cha kazi ni bluu, cha mambo binafsi ni njano, cha vitu usivyoviamini ni nyekundu, na chumba cheusi hakina intaneti, cha kuhifadhia yale yasiyopaswa kutoka nje. Rangi hiyo inazunguka dirisha la kila programu, na kwenye menyu kila ikoni inatiwa rangi ya chumba chake. Firefox ile ile unaweza kuiona mara tatu, moja bluu, moja njano, moja nyekundu, na hizo ni Firefox tatu zisizojuana.

Mama wakili alikuwa amepanga ikoni sita kwenye paneli ya juu, bila maandishi, kwa mazoea ya mkono wake. Bluu ni mafaili ya mahakama, njano ni benki, nyekundu ni barua na viambatisho vya watu asiowajua. Nilipoitazama paneli ile niliona moja tu, ya chumba kinachotumia Debian (aina mojawapo ya Linux), ndiyo yenye ikoni yake. Tano zilizobaki zilikuwa magurudumu ya meno ya kijivu, yanafanana kama mapacha.

Watu husema ikoni ni pambo. Mama huyu alinieleza kwamba siku mbili kabla ya kuja alibofya gurudumu moja akijua ni la chumba chekundu, akakaribia kufungua ndani yake kiambatisho kilichotoka kwa mtu asiyemfahamu. Kilichomzuia ni ukingo wa dirisha. Ulikuwa bluu. Alikuwa amesimama katikati ya mafaili ya wateja wake. Ukingo ule huchorwa na dom0, si na programu iliyomo chumbani, kwa hiyo hata chumba kikivamiwa hakiwezi kujipaka rangi ya chumba kingine. Ikoni za paneli zinaweza kukosea, ukingo ndio wa kuutegemea. Nawaomba wote mnaotumia mfumo huu myazoeze macho kuangalia hapo kwanza, hata siku ambazo ikoni zote ziko salama.

Sasa nirudi kwa fundi wa kwanza. Simtaji, wala sina ugomvi naye. Kabla ya kufikia uamuzi wa kupiga Windows, alitaka kuchomeka flashi yenye ikoni alizopakua mahali fulani kwenye intaneti, aziingize ndani ya dom0. Mama alikataa, na alifanya vema sana. Aliyeishika dom0 ameshika vyumba vyote, rangi zote, nywila zote. Halafu waliojenga Qubes wenyewe wanaiogopa picha ndogo yenye ukubwa wa kucha! Ikoni ya programu iliyomo chumbani haipelekwi dom0 ikiwa faili la picha. Inafunguliwa kule kule chumbani, inageuzwa kuwa nukta tupu za rangi, na nukta hizo tu ndizo dom0 inazipokea na kuzitia rangi ya chumba. Wamefanya hivyo kwa sababu faili la picha lililotengenezwa kwa hila limewahi, zaidi ya mara moja katika historia ya kompyuta, kutumika kuivamia programu inayolifungua. Sisi tunachomeka flashi nzima ya mafaili ya namna hiyo ili menyu ipendeze.

Nilivyoifanya kazi yenyewe nitaieleza kwa mafundi, maana tatizo hili mtakutana nalo.

Sikugusa amri yoyote kwanza. Niliuliza swali moja: ni ikoni zipi zimeharibika, na zipi zimepona? Nilifungua vifaa vya dom0 mwenyewe, yaani terminali (dirisha la kuandika amri), mipangilio, meneja wa mafaili. Ikoni zake zote nzima. Hapo nikajua mandhari ya ikoni, paneli na draiva ya kioo havina kosa. Kama hata hizo zingekuwa zimeharibika, au madirisha yangekuwa yanaonyesha mistari na vipande vilivyochanika, ningekwenda moja kwa moja kwenye draiva na kernel, kiini cha mfumo. Kisha nikatazama vyumba kimoja kimoja. Katika Qubes chumba hakibebi programu zake chenyewe, kinazichukua kwenye templeti, kama matawi yanavyokula kwenye shina. Mama alikuwa na templeti mbili, Fedora (nayo ni aina ya Linux) na Debian. Chumba cha Debian kilikuwa na ikoni yake na rangi yake. Vyote vya Fedora vilikuwa kijivu. Kwa kutazama sehemu hizo mbili tu, tatizo lilikuwa limebanwa kwenye njia moja: ikoni zinazotoka templeti ya Fedora kwenda dom0.

Nikamuuliza, "Mama, mara ya mwisho uliposasisha, kulitokea nini?" Akafikiri kidogo. Akasema ilikuwa usiku, umeme ukakatika, na laptopu ikazima papo hapo kwa sababu betri yake haikai hata dakika moja.

Ndani ya dom0, kwenye folda ya nyumbani, kuna folda iliyofichwa ya .local, humo share, humo qubes-appmenus, na humo kila chumba na kila templeti ina folda yake. Nilizifungua za Fedora nikaomba zinionyeshe ukubwa wa mafaili. Majina yote yapo, Firefox, LibreOffice, kila kitu. Ukubwa: 0. Chini yake 0. Chini yake 0. Umeme ulikatika wakati mfumo ukiandika, majina yakabaki na ndani hamna kitu. Ndiyo maana kuzima na kuwasha hakukusaidia. Mfumo ulipopita ulikuta faili lipo, tena la karibuni, ukaliacha. Mama alikuwa amewasha na kuzima wiki nzima akitumaini rangi zitarudi.

Kabla ya kufuta chochote tulichukua nakala ya vyumba vyake vyote kwa chombo cha Qubes chenyewe, kwenye diski ya nje aliyokuja nayo. Ilichukua muda, tukaagiza kahawa na kashata kwa muuza kahawa wa pale barabarani. Nawasihi wenzangu, hatua hii msiiruke hata mteja akiwa na haraka. Kisha nikakamilisha lile sasisho lililokatika, kwa chombo cha kusasisha cha mfumo, ili nisiwe natengeneza ikoni za templeti iliyo nusu.

Baada ya hapo niliorodhesha mafaili matupu, nikamwonyesha, tukayafuta hayo tu. Nikafungua mipangilio ya templeti ya Fedora, kwenye ukurasa wa programu, nikabonyeza kitufe cha kusoma upya orodha. Anayependa terminali aandike qvm-sync-appmenus na jina la templeti, ni kazi ile ile. Templeti ikawaka, ikatuma orodha ya programu zake na nukta za ikoni zake. Halafu qvm-appmenus --update kwa kila chumba. Mwisho xfce4-panel -r, kwa kuwa paneli ya Xfce, programu inayoonyesha menyu na paneli za dom0, hukaa na picha za zamani kichwani hadi ianzishwe upya. Amri zote niliziandika kwa mkono, herufi kwa herufi, nikijua kila moja inafanya nini. Kwenye dom0 usimwage amri uliyoiokota kwenye simu kwa sababu tu mtu ameandika kwamba kwake ilifanya kazi.

Paneli ilipotea sekunde moja, ikarudi. Mama akasogeza kiti. Akaweka kidole kwenye kioo, ikoni moja baada ya nyingine, akisema polepole, "Bluu, mahakama. Njano, benki. Nyekundu, wageni." Alipofika ya mwisho aliirudia orodha kuanzia mwanzo.

Kazi nzima haikuzidi saa tatu, na nyingi ya hizo zilikuwa za nakala. Nilimwambia aliyevunja si Qubes, ni betri iliyokufa, na tusipoibadilisha siku nyingine kitakachokatika katikati kitakuwa kikubwa kuliko ikoni. Betri mpya ameinunua.

Hebu fikirini kama angekubali kupiga Windows. Diski ya Qubes inafungwa kwa usimbaji tangu siku inapowekwa, kwa hiyo kuifuta ni kupoteza kila kitu, hakuna kuokoteza baadaye. Au fundi angeyatoa kwanza mafaili ya wateja kwenye flashi yake, yakae kwenye droo ya kibanda pamoja na skrubu. Wosia za watu, hati za viwanja, majina ya watoto wanaogombewa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayeshika taarifa za watu anatakiwa azilinde. Sioni kwa nini sisi tulio nyuma ya kaunta tujifanye haituhusu. Wakili alishafanya sehemu yake kwa kuchagua mfumo mgumu. Sisi ndio tuliotaka kumvunjia.

Simwambii kila mtu aweke Qubes. Unataka prosesa yenye uwezo wa kugawa kompyuta vyumba, yaani VT-x na VT-d kwa Intel au zinazolingana nazo kwa AMD, RAM angalau GB 6, na wenyewe wanashauri 16, wakati laptopu nyingi zinazopita mezani kwangu zina 4. Kwa hao wapo wanaotumia Tails, mfumo mwingine wa usalama unaowashwa kutoka kwenye flashi ya GB 8, ambayo husahau kila kitu ukizima. Ikoni ikiharibika kule, mara nyingi kuwasha upya kunatosha, isipokuwa kama kosa limo kwenye yale uliyochagua mwenyewe kuyahifadhi. Huo ni mfumo mwingine na una barua yake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Mafundi wa mitaani tunajifunza mambo haya kwa Kiingereza cha kubahatisha, kila mmoja peke yake, na tukishindwa kuelewa tunafuta. Gazeti lako linafika vibandani kwetu, linasomwa na kupokezanwa mpaka linachakaa. Tupe nusu ukurasa, hata mara mbili tu kwa mwezi, tuelezane kwa Kiswahili namna ya kutafuta chanzo cha tatizo bila kuharibu ulinzi wa mteja. Niko tayari kuandika bila malipo, na ninawajua wenzangu wawili wa hapa Tanga wenye ujuzi kunizidi ambao wamekubali kusaidia. Makala ya kwanza nimeshaiandika kwa mkono, kurasa nne za daftari, na inaanza na lile swali la ni zipi zimeharibika na zipi zimepona. Ukiniruhusu nitaileta.

Wako,
Fundi wa kompyuta,
Ngamiani, Tanga