Ami, mwambie fundi aweke msasa chini

Ami, assalaam alaykum, na shikamoo. Barua hii naiweka hadharani mana simu yako ikisikia neno gitaa tu mtandao unakuwa mbovu ghafla, na watoto wako wote wapo Facebook, watakusomea hata ukiwa barazani. Halafu si wewe peke yako, Unguja na Pemba kuna magitaa ya kizamani yako juu ya makabati yanasubiri mtu ayaharibu kwa nia njema.

Nimesikia umemwita fundi, yule wa milango na vitanda, alipige msasa gitaa, alitie vanishi liwake, ndo uliuze. Tafadhali Ami, asiliguse. Fundi simlaumu, kwa mlango wa mfenesi ndo kazi yake na anaijua, lakini mtu anaenunua gitaa kongwe analipia rangi ile ile iliyotoka nayo kiwandani, hata ikiwa imepasuka vijistari vyembamba kila pahala, hata ikiwa imelika pale mkono wako ulipokuwa ukiegemea miaka yote ya klabu. Likishapakwa upya bei inaweza kushuka mpaka karibu nusu. Na tena magitaa mengi ya aina hiyo uso wake ni plaiwudi iliyovikwa ngozi nyembamba ya mbao nzuri, msasa ukipita mara mbili tatu ngozi imekwenda, hairudi. Wewe mtu wa karafuu, unajua ikishanyeshewa jamvini hata uianike namna gani gredi ya kwanza tena basi.

Sasa tuje kwenye bei, hapa usinikasirikie. Umeambiwa gitaa tupu ndani la umeme la miaka ya 50 linauzwa maelfu ya dola. Ni kweli, lakini hilo ni Gibson, kampuni ya Marekani, kama ile ES-175 iliyotoka 1949 na wapiga jazi wakaipenda. Lako kichwani limeandikwa Höfner, Mjerumani wa Bubenreuth, gitaa zuri sana wallahi, ila soko lake jengine. Mengi yanauzwa kwa mamia ya pauni, yale ya daraja la juu yakiwa safi ndo yanapita elfu. Na yule kijana aliyekwambia Höfner ni ya Beatles, ile bendi ya Waingereza, kakuchanganya. Alonunua McCartney wao kule Hamburg 1961 ni besi, gitaa la nyuzi nne za sauti nzito, ina umbo la fidla, ikaibiwa London 1972 na habari za kupatikana kwake zikatangazwa 2024, dunia nzima ikazungumza. Lako ni gitaa la nyuzi sita lenye tumbo pana. Hazifanani hata kwa mbali, usimtajie mnunuzi McCartney atacheka.

Kitu kitakachosema bei khasa ni lebo. Tia tochi kwenye lile tundu la umbo la f upande wa nyuzi nene, utaona karatasi imegandishwa ndani. Yale ya soko la Uingereza yaliingizwa na Selmer wa London na wakayapa majina yao, Senator, President, Committee, na President si sawa na Committee kwa bei. Kwa vile sisi tulikuwa chini ya Mwingereza mpaka Disemba 1963 sintoshangaa lako likawa limepita njia hiyo.

Ukishatia tochi utaona na lile sponji la godoro ulilolisokomeza mwenyewe lisipige kelele mbele ya spika. Nakuelewa, gitaa tupu ukilipandisha sauti ukumbini linalia lenyewe mpaka fidla hazisikiki. Litoe taratibu kwa vidole, usivute kwa waya mana nyaya za pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zinapita humo humo. Sponji linakunywa unyevu, na kwa masika yetu gundi ya kizamani ndo inaachia.

Mie nikienda kununua nafanya hivi: nagonga kwa kifundo cha kidole pembeni mwote polepole, mbele na nyuma, pahala gundi ilipoachia panatoa mlio wa kutatarika, hapana ule mlio mzima. Halafu naangalia shingo kama imeinama, na pale kisiginoni inapokutana na mwili kama kuna ufa. Mnunuzi wako atafanya hivyo hivyo, bora umwambie kabla. Ufa wa gundi kwa fundi wa magitaa ni kazi ya kawaida. Ufa uliofichwa na vanishi, mnunuzi anadhani kuna mengi zaidi.

Na nyuzi usizikate zote kwa pamoja! Ile briji, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya tumbo, haikugandishwa, imeshikwa na mkazo wa nyuzi tu, zikilegea inaanguka na vile vipande vidogo vya chuma vilivyokaa kwenye vijitundu vyake vinapotea chini ya mkeka. Weka alama ya penseli pale ilipo. Zile funguo za zamani za kukazia nyuzi alizozitoa mjukuu akatia za Kichina, tafuta zilipo, tia kwenye mfuko, zinauzwa pamoja na gitaa. Hata kifuniko kilichovunjika usitupe. Lile bamba la kukinga mikwaruzo lenye rangi ya gamba la ng'amba ni seluloidi, plastiki ya kizamani, si gamba lenyewe, akiuliza mtu wa forodha mwambie. Ila ubao wa freti, ule wa shingoni unaokandamizia vidole, ukiwa ni mbao ya rozwudi ya Brazili, kumuuzia mtu wa nje kunataka kibali cha CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe na miti adimu, mti ule umezuiwa tangu 1992.

Maduka ya antiki Mji Mkongwe usiende, watalitundika ukutani kama pambo na watakupa bei ya pambo. Kwenye intaneti nako angalia bei zilizouzwa, si zinazoombwa, kuomba kila mtu anaomba.

Kwa hiyo nitumie picha ya lebo, mchana, bila flashi mana karatasi inang'ara. Na mbele, nyuma, kichwa, ile paneli ya swichi imeandikwa Rhythm na Solo, na kisigino cha shingo kwa karibu. Likija kwa boti legeza nyuzi kidogo, mpe mtu akae nalo mapajani, lisiwekwe na magunia. Fundi mlipe nauli yake arudi, ntakurudishia. Msalimie bi mkubwa.