Wakili wa mama aliyepigwa alipwe na nani?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwanika dagaa wa Igombe, huu mwaka wa kumi na moja. Mwezi uliopita nilimsindikiza mahakamani mwenzangu ambaye vichanja vyetu vimepakana. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kupeleka hospitali mtu akipigwa, alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga wiki tatu nzima. Alipoifungua kumpa karani, mikunjo ilikuwa imeanza kukatika na harufu ya dagaa ikajaa pale dirishani. Mume alikuja na wakili. Mwenzangu alikuja na mimi.

Anadai talaka, matunzo ya watoto watatu, na sehemu yake katika nyumba ya vyumba viwili na mtumbwi. Wakili akamuuliza, risiti ya mtumbwi ina jina la nani? La mume. Akanyamaza. Mimi benchi la nyuma machozi yalinilengalenga, maana namjua aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kupokea mzigo ziwani hadi pesa ya mtumbwi ikatimia.

Kumbe sheria inamtambua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumchapa mwenzake, na kifungu cha 114 kinahusu mgawanyo wa mali waliyochuma pamoja. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango. Haya yote tuliyasikia baadaye, kwa msaidizi wa kisheria aliyekuja kwa bodaboda na nauli katoa mfukoni mwake.

Mtu asiye na uwezo akishtakiwa kwa mauaji Mahakama Kuu, anawekewa wakili anayelipwa na Serikali. Ni haki yake, sipingi hata kidogo. Lakini mke anayepigwa, akiwa bado mzima na anaomba kutoka kabla hajauawa, anaambiwa ajitafutie. Hilo linaniuma sana.

Sheria ya Msaada wa Kisheria tunayo tangu 2017. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia nayo imefungua macho ya wengi, na nashukuru kwa dhati. Ila kampeni hukaa siku chache, na kesi ya ndoa inaahirishwa miezi na miezi. Mashirika nayo mengi yanategemea wafadhili. Mradi ukiisha, mama anabaki na tarehe yake ya kesi mkononi.

Ombi langu nalielekeza kwa halmashauri, Ilemela na Jiji la Mwanza. Ushuru wa mialoni tunalipa. Asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, na ni jambo jema, ingawa mkopo wa mwanamke anayepigwa mara nyingi huishia mkononi mwa anayempiga. Basi litengwe na fungu la msaada wa kisheria, hata dogo: wakili wa kushika kesi hizi mpaka hukumu, posho ya wasaidizi wa kisheria, nauli za mashahidi. Halmashauri ya Ukerewe nayo ilifikirie zaidi, maana huko kisiwani mtu anapanda kivuko ndipo amfikie wakili wa mjini.

Diwani wetu, bajeti ijayo ikifika mezani, uliza fungu hilo liko wapi. Kesi ya mwenzangu bado inaendelea. Ameniuliza kama nitakuja tena, nimemwambia nitakuja.

Mwanika dagaa,
Igombe, Mwanza