YAH: DVD za Harusi Zenye Picha Iliyobanwa

Meneja,
Studio ya Video,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni baba wa bibi harusi mliyemrekodi kuanzia sendofu hadi ukumbini. Malipo nilikamilisha kabla ya kukabidhiwa DVD 40, na risiti yenu ninayo. Kwa kazi ya kamera sina neno, kijana wenu alijituma. Ninacholalamikia ni diski.

Kwenye diski ya harusi watu wote wamebanwa kushoto na kulia. Keki ya duara imekuwa yai, na shangazi yake bwana harusi, mama aliyejaliwa mwili na anayejivunia mwili huo, amekonda hadi ndugu wanapiga simu kuuliza kama anaumwa. Nilipowaeleza, mkanijibu kuwa TV yangu ndiyo mbovu, nibonyeze zoom. Nikabonyeza: nyuso zikabaki nyembamba vilevile, na vilemba vya kina mama vikakatwa juu.

TV yangu ni nzima. Faili mlizonipa kwenye flashi, za pikseli 1920 kwa 1080, zinaonekana vizuri kwenye TV hiyohiyo. Mmekosea mlipozigeuza kuwa DVD. Fremu ya DVD ya mfumo wa PAL, unaotumika kwetu, ni pikseli 720 kwa 576, picha iwe ya 4:3 (umbo la TV za zamani) au ya 16:9 (umbo la TV pana). Deki inajua iitanue kiasi gani kwa kusoma alama inayowekwa wakati wa kutengeneza diski. Ninyi mliibana picha pana ndani ya fremu hiyo, jambo ambalo ni sahihi, halafu mkaweka alama ya 4:3. Deki imetii tu. Nikiilazimisha TV kwa rimoti ijaze skrini kwa kuivuta picha pembeni tu, siyo kwa zoom, keki inarudi kuwa duara. Lakini siwezi kuzunguka kwa kila mwanakamati kumfundisha rimoti, na mama yangu kule Korogwe anatumia TV ya chogo isiyo na kitufe hicho. Mngeweka alama ya 16:9, deki yake ikishapangwa kwa TV ya 4:3 ingeongeza weusi juu na chini yenyewe, na watu wangebaki na maumbo yao.

Ya sendofu ndiyo imeharibika kabisa. Huko weusi wa juu na chini mmeupachika ndani ya picha yenyewe, kwa 4:3, kisha TV pana inaongeza wa pembeni. Kati ya mistari 576, picha imepewa 432 tu. Ukiikuza inatia ukungu.

Naomba diski ya harusi irekebishwe alama tu, bila kuikandamiza video upya, maana ubora utapungua bure. Ya sendofu itengenezwe upya kutoka faili za asili, siyo kutoka DVD hiyo mbovu. Nileteeni nakala moja niijaribu kabla hamjachoma zote 40. Gharama za diski na kava mpya ni zenu. Za kwanza nimeshawagawia waliochanga, na lawama ninapokea mimi.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Kinyume cha hapo nitadai fedha za DVD zote na kulifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Wenu,
Baba wa bibi harusi

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Harusi