Dohani ya boila: tusizibe inakovutia hewa

Mhariri,

Kila msimu wa baridi ushauri ni ule ule: ziba nyufa za madirisha, weka mpira chini ya mlango, tafuta tundu lolote linalopitisha upepo ulifunike. Kwa upande wa gharama, ni ushauri mzuri. Kwa nyumba yenye boila ya gesi (mtambo wa kupasha moto maji na nyumba) inayovuta hewa chumbani, ni ushauri unaoweza kuua, na mara nyingi hutolewa bila tahadhari hiyo. Wengi huiona dohani kuwa bomba la kutolea moshi, basi. Lakini moshi hutoka kwa kadiri hewa inavyoingia.

Ili mita moja ya ujazo ya gesi asilia iungue sawasawa, zinatakiwa mita za ujazo kama 10 za hewa. Katika boila za zamani, zile zenye kofia ya moshi iliyo wazi upande wa chini, hewa yote hiyo huchotwa chumbani. Hakuna feni inayousukuma moshi. Unapanda kwa kuwa ni wa moto, kwa hiyo mwepesi kuliko hewa ya nje. Nguvu hiyo ni ndogo mno. Feni ya jikoni inaishinda bila taabu, hasa kama tundu la ukutani limezibwa kwa gazeti au kabati limesogezwa mbele yake. Moshi hugeuka na kushuka chumbani, mwali huanza kuvuta hewa ile ile iliyokwisha kutumika, na hapo kaboni monoksidi hutengenezwa kwa wingi. Haina rangi wala harufu, na hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na ushee.

Mvuto wa dohani ya aina hii unaweza kuuona kwa macho. Funga milango na madirisha, washa feni zote za kutoa hewa, kisha iache boila iwake kwa nguvu kamili kwa dakika 10. Chukua kijiti cha udi kinachofuka, ukipitishe polepole kwenye ukingo wa kofia, mzunguko mzima. Uzi wa moshi ukivutwa ndani moja kwa moja, mvuto upo. Ukisitasita, ukijikunja au ukakurudia usoni, zima boila, fungua madirisha, na usiiwashe tena hadi fundi aje. Rudia jaribio mlango wa kwenda bafuni ukiwa wazi, maana feni ya huko nayo mkono wake hufika mbali. Jaribio hili halichukui nafasi ya vipimo vya fundi. Na ukisikia harufu ya gesi, usiwashe chochote, hata hicho kijiti.

Wenye boila za kisasa zilizofungwa kabisa hudhani hayo hayawahusu. Dohani yao ni bomba ndani ya bomba, mara nyingi la ndani milimita 60 na la nje milimita 100: moshi hutokea la ndani, hewa safi huingilia katika nafasi iliyobaki kati ya mawili hayo. Ni mpango mzuri, ila una kasoro moja ya siri. Mpira wa kuzibia bomba la ndani ukichomoka au ukikatika, moshi huvujia kwenye njia ya hewa na boila huanza kuvuta pumzi yake yenyewe. Kwa nje huoni kitu. Bomba jeupe limetulia ukutani, safi kama siku lilipofungwa.

Ndiyo maana karibu na kiwiko cha kwanza, juu ya boila, huwa pana vitundu viwili vyenye vizibo: kimoja cha kupimia moshi, kingine cha kupimia hewa inayoingia. Hiki cha pili ndicho kinachorukwa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kifaa kikisoma chini ya asilimia 20.6 katika njia ya hewa, kuna mvujo wa ndani, na boila haipaswi kuachwa ikiwaka. Basi servisi ikiisha, usiulize tu kama kila kitu ni sawa. Omba uandikiwe namba mbili: oksijeni ya njia ya hewa, na uwiano wa kaboni monoksidi kwa kaboni dioksidi katika moshi. Fundi asiye na kifaa cha kuzipima amefuta vumbi tu.

Mipira hiyo haichomoki yenyewe. Bomba lililokatwa mshazari, au likaachwa na makali bila kupigwa tupa, huichana siku ile ile ya kufungwa. Grisi ya mafuta ya petroli huivimbisha. Ipakwe grisi ya silikoni au kilainishi alichotaja mtengenezaji, basi. Bomba refu lisiloshikiliwa kwa vishikizo hulemewa na uzito wake, na maungio huachana kidogo kidogo. Likipita juu ya dari iliyofungwa, hakuna atakayejua, kwa hiyo ni lazima pawe na mlango mdogo wa ukaguzi, angalau sentimita 30 kwa 30, mahali ambapo kila ungio linaonekana.

Mwinamo nao ni chanzo cha makosa mengi. Boila zinazovuna joto la mvuke hupoza moshi hadi utoe maji, na maji hayo ni asidi. Bomba la moshi hupanda kidogo kuelekea nje, nyuzi 3 hivi, yaani kama sentimita 5 kwa kila mita, ili maji yarudi kwenye boila na kutokea mtego wake, yaani kibomba kilichopinda ambacho hubaki na maji ya kuzuia moshi usipite. Ncha nyembamba ya kila kipande huelekea boila, yaani mdomo mpana ndio unaopokea maji yanayoshuka. Ukigeuza, yatachuruzika kwenye ungio. Bomba likilegea katikati, maji hutuama humo, boila huguguma, kisha huzimika. Boila za zamani zenye feni na dohani ya kulala zilitaka mwinamo wa kinyume, kutelemkia nje, mvua isiingie. Kwa hiyo kubadilisha boila na kubakiza dohani kuukuu si kubana matumizi. Wala usiunge kipande kilichopungua kwa bomba la maji machafu au bomba la bati: la kwanza halikutengenezwa kwa joto hilo, la pili litaliwa na asidi.

Mtego wenyewe uwe na maji kabla boila haijawashwa kwa mara ya kwanza, au ikikaa muda mrefu bila kazi. Mtego mkavu ni dohani ya pili, na hii hutoa moshi ndani ya nyumba.

Nje, kagua mdomo wa dohani kila mwezi: viota, matawi, masizi, mlango mpya wa banda uliojengwa mbele yake. Wapaka rangi wakifunika ukuta kwa plastiki, boila izimwe hadi waifunue. Mfuniko wa mbele wa boila usiufungue, kwani katika nyingi ndio unaoziba chumba cha mwako. Mwali wa manjano ni dalili mbaya, lakini wa buluu si cheti cha usalama.

Weka king'ora cha kaboni monoksidi mita 1 hadi 3 kutoka kwenye boila. Kikiwa ukutani, kiwe juu kuliko dirisha lakini kisigusane na dari. Tazama tarehe ya mwisho nyuma yake, kwa sababu kihisio huchoka hata betri ikiwa mpya. Kikilia, au nyumba nzima ikiumwa kichwa na kichefuchefu bila homa na kupata nafuu mkitoka, zima boila, tokeni nje, kisha ndipo mpige simu. Hospitalini, tajeni boila na mwombe damu ipimwe. Kile kifaa cha kubana kidoleni hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu iliyoshikwa na kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekosa hewa.

Mafundi wa boila na gesi