Barua ya wazi kwa mkuu wetu wa wilaya: tenki la kemikali likianguka huku kwetu, nani atatuambia ukweli?

Mheshimiwa mkuu wetu wa wilaya, shikamoo, na pole na majukumu. Najua malalamiko ya mipaka ya mashamba peke yake yanatosha kukumalizia siku, ila hili naomba ulisome mpaka mwisho maana siyo la mtu mmoja, ni la vijiji vyote hivi vilivyokaa kando ya Reli ya Kati hapa mkoani Dodoma, ile ya zamani, ambayo treni ya mizigo ikipita usiku hadi vikombe kabatini vinagongana.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya, sina ugomvi na reli. Reli imetulea, mama zetu wamesomesha watoto kwa karanga na mayai ya kuchemsha waliyokuwa wanauza kwenye madirisha ya mabehewa, na hiyo reli mpya ya umeme, SGR, tangu ianze kufika Dodoma 2024 mtu anaenda Dar asubuhi na usiku amerudi kwake, nani atalalamika. Ninachouliza ni kitu kimoja tu: siku tenki la kemikali likianguka hapa, nani atatuambia ukweli, na huo ukweli atautoa wapi?

Swali hili halinitoki tangu nianze kufuatilia yaliyowakuta watu wa East Palestine, kamji kadogo huko Marekani jimbo la Ohio, watu kama 4,700 hivi, yaani ni kakata kamoja tu kwa hesabu za huku. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023 treni ya mizigo ya kampuni ya Norfolk Southern ilianguka pale, mabehewa 38 yakatoka relini na 11 kati yake yalikuwa na kemikali za hatari. Chanzo ni beringi ya gurudumu moja, ilipata moto mpaka ikafa. Na siyo kwamba hawakuwa na mitambo ya kupima joto, walikuwa nayo pembeni ya reli: wa kwanza ulisoma beringi imezidi joto la hewa kwa digrii 38 za Farenhaiti, wa pili 103, wa tatu 253, na ni huo wa tatu ndio ulimwambia dereva simama, akaanza kufunga breki lakini wapi, mzigo ulishaanza kulala chini. Kati ya mtambo wa pili na wa tatu palikuwa na zaidi ya kilometa 30 hakuna kitu.

Matenki matano yalikuwa na vinili kloraidi, gesi inayotumika kutengeneza plastiki ya PVC, haya haya mabomba tunayofukia ardhini, na yenyewe ikiwa gesi inajulikana wazi kwamba inaleta saratani ya ini. Siku ya tatu wakubwa wakasema moja ya matenki linaweza kulipuka, bora tuyatoboe wenyewe tuichome hiyo gesi, wakafanya hivyo tarehe 6, moshi mweusi ukasimama juu ya mji dunia nzima ikaona. Tarehe 8 jioni watu waliokuwa wamehamishwa wakaambiwa rudini majumbani, tumepima, pako salama.

Siku mbili mheshimiwa.

Watu wakarudi, wakaanza kulalamika vichwa vinauma, macho yanawasha, vipele, wengine pua zinatoka damu, na wakienda kuuliza wanajibiwa vipimo viko vizuri. Huku kwenye vijito serikali ya jimbo yenyewe ilikuja kukadiria samaki na viumbe vya majini waliokufa ni zaidi ya 43,000, wengi ni visamaki vidogo vidogo. Halafu kilichonishangaza zaidi, mwezi wa tatu timu ya wataalamu wa afya 15 wa serikali kuu ilipita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanajisikiaje, na wataalamu 7 kati ya hao 15 wakaumwa wao wenyewe, koo, kichwa, kikohozi, kichefuchefu. Yaani aliyekuja kukuuliza kama unaumwa na yeye anaumwa, na bado msemaji anasema hali ni shwari.

Mimi sisemi walidanganya. Inawezekana kabisa vipimo vilikuwa sahihi kwa kile walichopima na pale walipopimia, tatizo ni kwamba mwananchi alipewa jibu tu, hakuonyeshwa hesabu. Hakuambiwa tumepima gesi hii na ile hatujaipima, tumepima barabarani na sebuleni kwako hatujaingia, leo pako hivi na wiki ijayo tutarudi. Kiongozi akishasema "salama" kabla hajajua, siku akija kusema kweli hakuna atakayemsikiliza, na hapo ndipo kila mtu anaanza kutafuta majibu kwa majirani na kwenye magrupu ya WhatsApp.

Na mwaka uliofuata, Juni 2024, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, NTSB, ilirudi pale pale kwenye ule mji ikatangaza kwamba kule kuichoma gesi hakukuwa na ulazima. Kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa na wataalamu wake waliokuwa wanaona haitalipuka, ila maneno yao hayakumfikia mtu aliyekuwa anaamua, ambaye ni mkuu wa zimamoto wa kale kamji, na yeye aliambiwa una dakika 13 za kuamua. Dakika 13! Huku kwetu dakika 13 mtendaji hajapata hata mtandao.

Sasa niache ya Ohio nije nyumbani.

Sisi wa mkoa huu hatuhitaji kufundishwa ajali ya treni ni kitu gani. Igandu, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliishiwa breki ikarudi nyuma kwenye mteremko ikaivaa treni ya mizigo, watu 281 wakafa, na hadi leo ukipita huko ukataja ile siku wazee wanainama. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe nacho kila mtu anakijua, mvua zikikolea maji yanabeba tuta. Na kwenye reli hiyo hiyo ndiyo yanapita matenki ya mafuta ya kwenda Mwanza na Kigoma. Mafuta angalau tunayajua kwa harufu. Hayo mengine yaliyofungwa vizuri na vibandiko vyenye picha ya fuvu au alama ya moto, hayo hatuyajui.

Na hapa ndipo nataka tuangaliane usoni mheshimiwa. Kule Ohio kazi kubwa ilikuwa kuwatoa watu. Huku kwetu kazi kubwa itakuwa kuwazuia wasiende. Gari likianguka huku watu wanakimbilia, siyo wanakimbia, kila mtu na dumu lake, na tunajua iliishaje pale Msamvu Morogoro tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu mia moja wakaisha kwa moto wa petroli. Tukawalaumu sana marehemu kwamba ni tamaa, mi sikubaliani sana na hilo, njaa na kutojua ukivichanganya unapata dumu mkononi. Je, kuna mtu aliwahi kuja kijijini kwetu akatuambia behewa lenye alama hii usilisogelee hata mita mia? Hajaja. Watoto wetu wanachunga mbuzi kwenye tuta la reli kutwa nzima.

Nikuelezee kitu nilichokiona mwenyewe. Kuna behewa la tenki liliwahi kuachwa kwenye njia ya pembeni stesheni ya karibu na kwetu, likakaa. Chini ya valvu palikuwa panadondosha, tone, tone, tone, udongo umegeuka rangi kama mtu kamwaga chai ya maziwa, na majani yaliyokuwa pale yamekauka duara zima. Jua la saa nane unalijua, mbuzi walikuwa wamelala kwenye kivuli cha lile behewa, na kuna mama akawa ameshakinga ndoo, ukimuuliza anasema "si linamwagika bure?" Harufu yake ilikuwa kali ya kukata pua lakini siyo ya mafuta ya taa wala dizeli. Tukapiga simu kwa wahusika. Akaja kijana mmoja na pikipiki, akalitazama akiwa amesimama mbali kidogo (yeye alisimama mbali, hilo nililiona), akasema msiwe na wasiwasi ni kawaida, akaondoka. Kulipokucha siku nyingine behewa halipo. Lilikuwa na nini? Hadi leo sijui, mwenyekiti hajui, na mganga wa zahanati yetu hajui, na nilipoenda kuuliza niliambiwa niandike barua. Ndiyo hii.

Mimi simlaumu yule kijana, huenda naye hakuambiwa. Ila hilo neno "ni kawaida" ndilo ninalolipigia kelele. Ungeniambia "hatujui bado, msogee mbali, tumeshachukua sampuli inaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na majibu yake yatabandikwa hapa kwenye mti wa mkutano," ningelala usingizi mzuri kuliko hilo la usijali.

Kuna jambo la maji pia, na hili naona wakubwa wanalisahau. Dodoma hatuna mto wa mwaka mzima, tunakunywa kutoka chini. Jiji lenyewe kwa miaka mingi limeishi kwa visima vya bonde la Makutupora, na sisi wa vijijini ni kisima cha pampu, bwawa na mashimo ya kwenye korongo la mchanga wakati wa kiangazi. Kemikali ikimwagika kwenye mchanga ule haikai juu ikakusubiri, inashuka, na iliyoshuka huioni, inaweza kukuchukua muda mrefu kabla haijatokea kwenye ndoo. Kwa hiyo mtu akija kupima maji wiki ya ajali akakuta safi, bado hajamaliza kazi. Na upepo wa Dodoma nao sina haja ya kukuelezea, wewe mwenyewe unaujua mwezi wa nane unavyofanya.

Sasa ninachoomba. Kwanza kabisa siombi hela.

Naomba zahanati zilizoko kando ya reli zianze leo, kabla ya ajali yoyote, kuweka kumbukumbu za hali ya kawaida: wangapi wana pumu, wangapi wana shida za ngozi, maji ya kisima chetu yakipimwa yanasomaje. Kwa nini leo? Kwa sababu baada ya ajali mwanasheria wa kampuni yoyote duniani atakuuliza swali moja, utathibitishaje hukuwa unaumwa kabla? Watu wa East Palestine wamehangaika na swali hilo hilo pamoja na hospitali zao zote. Kampuni ilikubali Aprili 2024 kulipa dola milioni 600 kumaliza kesi ya wananchi, na mwezi uliofuata ikakubaliana na serikali kuu makubaliano ya zaidi ya dola milioni 310, ambamo ndani yake kuna milioni 25 za mpango wa afya wa miaka 20. Miaka 20 mheshimiwa, wenzetu wamekubali kwamba jambo hili halipimwi kwa siku mbili. Na utafiti mkubwa wa serikali wa kuangalia madhara ya muda mrefu, wa dola milioni 10 kwa miaka mitano, ulitangazwa Juni 2025, miaka miwili na zaidi tangu moshi upande. Mtoto aliyekuwa tumboni siku ile alikuwa ameshaanza kuongea.

Halafu naomba kamati ya maafa ya wilaya, ambayo najua ipo na wewe ndiye unaiongoza, ijue ni mzigo gani wa hatari unapita hapa na mara ngapi, na mtendaji wa kijiji awe na namba moja ya simu ya kupiga saa nane usiku ikapokelewa na mtu anayejua kilichomo kwenye lile behewa. Hatuombi ratiba ibandikwe ukutani, tunaelewa mambo ya usalama. Tunaomba tu anayeamua na anayejua wasiwe watu wawili wasiojuana kama ilivyotokea kule.

Na siku ikitokea, Mungu aepushe, usije na msafara ukanywa glasi ya maji mbele ya kamera. Tunawajua viongozi, na kule Ohio vilevile wakubwa walikunywa maji ya bomba wakipigwa picha, haikumtuliza mtu. Njoo na karatasi ya vipimo. Soma: tumepima hiki, kwenye visima hivi, tarehe hii, aliyepima ni huyu, hiki hatujapima kwa sababu vifaa viko Dar vinakuja keshokutwa. Tutakuelewa. Sisi ni wakulima wa uwele na alizeti lakini kusoma namba tunajua, kila msimu tunasoma mizani za wanunuzi wa alizeti na tunajua ikiibiwa.

Usinijibu kwamba hizo ni siri za serikali. Katiba yetu Ibara ya 18 inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016. Sijui kama kuna tukio muhimu kwa maisha kuliko kile unachovuta puani.

Mkutano wa hadhara ujao ukipangwa huku kwetu naomba uje na mtu wa ofisi ya Mkemia Mkuu, mtu wa NEMC, lile baraza la mazingira, na mtu wa reli, wakae meza moja, na waje na picha za vile vibandiko vya kwenye mabehewa watufafanulie kimoja kimoja, kwa Kiswahili na kwa Kigogo kwa ajili ya bibi zetu. Yule mama wa ndoo nimeshamwambia, amesema atakuja na ana maswali yake.

Wako,
Mkazi wa kijiji cha kando ya reli, Dodoma