Barua kwa mwanangu wa Mwanza, kuhusu hilo bao la kwenye simu

Mwanangu,

Marahaba. Na ujue hiyo "shkm" yako nimeipokea kama shikamoo kamili kwa sababu tu we ni mwanangu, angekuwa mtu mwingine ningemjibu "mrhb" na simu nikazima hahaha. Mama yako anasema nisikuandikie meseji ndefu maana vijana hawasomi, nimemwambia huyu atasoma, hayo aliyoandika kwenye grupu la familia mbele ya shangazi zake wote lazima yajibiwe na jibu lenyewe haliingii kwenye stika.

Umeandika eti "baba bado anakaa kijiweni kuchezea mbegu na mi nishamuwekea bao kwenye simu". Halafu ukaweka na kile kikatuni kinacholia kwa kucheka. Shangazi yako wa Korogwe akadakia, binamu zako wakamwaga stika mpaka simu ikawa inatetemeka mfukoni kama imepandwa na mashetani, mie kimya. Si kwamba nilikosa la kusema. Nilikuwa na kete mkononi, na mtu mwenye kete mkononi hashiki simu, hiyo ni heshima ya kijiwe toka enzi za babu yako.

Sasa sikiliza, na hili ubaki nalo wewe maana kijiweni hawalijui. Hilo gemu ulilonipakulia nalicheza. Nalicheza kila usiku mama yako akishalala, sauti nimezima, mwanga wa skrini nimeupunguza kabisa, najifunika shuka. Akishtuka nageuza naweka taarifa ya habari. Lina ngazi tatu, ile ya kwanza ni ya watoto, ya pili unatoa jasho kidogo, ya tatu aisee, ya tatu sio mwenzako! Linanikalisha. Unaweka kete moja, unajiona umekula vizuri, umepumua, lenyewe linajibu kwa kete moja tu na hiyo kete inazunguka, inakula, inarudi kichwani (shimo la pembeni kabisa), inasambaa, inaangukia penye kete inakula tena, inapita nyuma inaibuka mbele, we umekaa unatazama mashimo yako yanavyosafishwa kama nzige wamepita. Lile halichoki kuhesabu, na bao kama unavyojua (au hujui, ntakuja hapo) ni hesabu tupu, kete 64, kila mtu 32, mashimo manane kwa mistari miwili kila upande, na ukila shimo moja upande wa mwenzako bao zima lishabadilika sura. Mtu mwenye kichwa cha kawaida anaona mizunguko miwili mitatu mbele halafu giza.

Ila wapo binadamu wanaoona mbali. Mabingwa wa Unguja walimshangaza Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, akawafuatilia vichwa vyao vinavyofanya kazi mpaka akapata udaktari wake kule Leiden mwaka 1995. Udaktari mwanangu. Kwa hizo mbegu unazonicheka. Na Mwalimu Nyerere na nchi yote mabegani alikuwa anapata muda wa kukaa kwenye bao, sasa mie mstaafu mwenye pensheni yake na baiskeli yake nikose?

Sasa nikupe stori. Unamkumbuka yule fundi baiskeli wa pale kona, yule aliyekuwa anakujazia upepo bure ukienda shule? Ndo mpinzani wangu mkubwa. Huyu bwana anajua bao ila anacheza kwa mdomo zaidi, yaani kabla hajaweka kete ashakwambia mke wako anakuita nyumbani, ashakuuliza leo umekula nini maana akili haifanyi kazi. Na mimi miaka yote nilicheza kama nilivyofundishwa, linda nyumba, yaani lile shimo la tano mstari wa mbele lenye kete nyingi, nyumba ikijaa usiiguse, kaa nayo kama pesa ya ada. Lile gemu la simu halina habari hiyo. Lenyewe likiona nafasi linasafirisha nyumba, yaani linazoa kete zake zote na kuzisambaza, mapema kabisa, kete bado zipo mkononi, tuko kwenye kunamua bado, kuingiza kete moja moja toka mkononi. Mwanzo nikaona hii mashine imechanganyikiwa, mtu mzima gani anabomoa nyumba yake mwenyewe asubuhi? Nikalitazama usiku baada ya usiku nikaelewa. Linaitoa nyumba pale tu mstari wa mbele wa mwenzake ukiwa umekaa wazi, kete zikimwagika zinaenda kuangukia pabaya kwake.

Basi jioni moja fundi kanibana, nyumba yangu imenona, ana furaha anajua siigusi, keshaanza kuwaangalia watazamaji badala ya kuangalia bao. Nikanamua, nikala kidogo tu pembeni, kete zikaanzia kichwani zikaja moja moja, ya mwisho ikaingia nyumbani. Hapo mtu una ruhusa ya kulala, zamu ikaisha, au kusafiri na nyumba. Fundi keshanyoosha mkono achukue zamu yake. Nikamwambia tulia. Nikazoa nyumba yote. Nakwambia kijiwe kizima kilinyamaza, hata yule muuza kahawa aliacha kugonga vikombe vyake. Kete zikaenda, zikala, zikarudi, zikala, mimi vidole vinatetemeka lakini uso nimeukaza, mpaka mstari wake wa mbele mweupee, hamna hata komwe moja, na mkononi kwake bado kete kazishika! Kafungwa mkononi! Unajua aibu ya kufungwa mkononi? Ni bora upigwe tano bila kwenye uwanja wa nyumbani.

Kitu cha kwanza alichouliza, "nani kakufundisha?" Nikamwambia nimeoteshwa. Mpaka leo wanajua nimeenda Pemba hahahaha.

Kwa hiyo simdharau huyo mwalimu wako wa kwenye simu, shukrani nimeshatoa. Ila umeniuliza siku ile kwenye voisi, "si ni gemu lile lile baba, kwa nini utembee juani mpaka kijiweni?" Nakujibu sasa. Sio lile lile. La simu halina mdomo. Nikilifunga linaniandikia hongera, vinyota vinadondoka, halafu linaleta tangazo la kubeti. Nani kajua kwamba nimeshinda? Mimi na mbu. Kule nikishinda naambiwa nimebahatisha, naambiwa nimeiba kete, kuna mzee mmoja hata haoni vizuri ila kila kete ikiwekwa lazima atoe ushauri, "la tatu! la tatu!", anafokewa, ananyamaza, dakika moja kaanza tena. Fundi nae ana maneno yake, akila kete zako anazipokea kwa salamu, "karibuni wageni, karibuni, chumba kipo". Unakasirika unaweka kete pasipo. Hiyo nayo ni sehemu ya mchezo, kumtoa mtu kwenye hesabu, na mashine huitoi kwenye hesabu hata uitukane mpaka asubuhi, nishajaribu.

Halafu kuna mkono wenyewe. Kete ya kweli inalia ikigonga mbao, na ukishazoea, mkono unajua uzito, unaziokota kwenye shimo unajua hizi ni nne hizi ni saba kabla jicho halijahesabu. Kwenye kioo unagusa tu, zinaruka zenyewe kwenda kwenye mashimo, tena haraka, hata huelewi zilipita wapi.

Na hapo ndo nakuja kwako. Juzi umenitumia skrinshoti unalalamika, "baba mbona linanikatalia kwenda kulia, lina kasoro hili". Halina kasoro mama. Ulikula kwenye kimbi, yaani yale mashimo mawili ya mwisho huko pembeni, na ukila kimbi kete lazima zianzie kichwa cha upande huohuo, huna hiari. Ukila katikati ndo unachagua. Lakini gemu halikwambii kwa nini, linakuwashia taa ya kijani mashimo unayoruhusiwa, na wewe unafuata taa. Mtu anaweza kucheza mwaka mzima hivyo akawa hajui sheria hata moja, anajua taa. Kijiweni ungekosea mara moja tu, wangekupigia kelele watu wanane kwa pamoja na mtoto wa muuza kahawa, na usingesahau mpaka uzee. Ndo maana nasema we unajua lile bao la kujifunza tu, la kusambaza na kula basi, ulilokuwa unacheza na bibi yako kwa kuchimba mashimo mchangani. Sio kosa lako, ulikimbilia kompyuta mapema.

Haya habari za nyumbani kwa haraka maana chaji iko chini. Mama yako mzima, hiyo simu uliyomletea imemharibu, sa hivi umeme wa LUKU ananunua mwenyewe kitandani halafu ananisomea namba zile ishirini mie nasimama kwenye mita nabonyeza, akikosea moja tunalaumiana. Anafuatilia mapishi huko TikTok, katengeneza keki ya kwenye sufuria bila oveni, chini ikaungua juu mbichi, katikati ilikuwa nzuri nisiseme uongo, tumekula katikati. Na zile meseji za "tuma kwa watu kumi utapata baraka" mwambie wewe, mie akinisikia nasema ananiambia sina imani. Paka kazaa tena. Mwembe unazaa. Jirani kaweka spika mpya na anapenda singeli, Mungu anatuona.

Timu yetu Coastal usiniulize. Najua huko umeshaanza kushabikia hao wakubwa wa Kariakoo kama kila mtu, ila kumbuka ulizaliwa nyumba ya Wagosi wa Kaya, mwaka 1988 ubingwa wa nchi ulilala hapa Tanga, nilikuwepo Mkwakwani, nilipoteza ndala moja nikarudi nyumbani na furaha na mguu mmoja peku. Najua utasema baba hiyo ni 1988. Ndiyo. Nimeisema makusudi.

Sasa sikia nilichofikiria. Kazi zako nyingi, likizo ya karibu huji, na mi kukaa naangalia tiki mbili za bluu bila jibu nimechoka. Tucheze bao mimi na wewe kwa meseji. Bao la kiswahili lenyewe, sio la taa. Tafuta ubao, hapo Mwanza huwezi kukosa mtu wa kukuchongea, ukishindwa kata trei mbili za mayai zile za karatasi upate mashimo manane manane kwa mistari minne, kete weka maharage. Mashimo ya mbele tunayahesabu kuanzia kushoto kwa mwenye upande wake, 1 mpaka 8. Nyumba ni la 5, weka humo kete 6, la 6 weka mbili, la 7 weka mbili, zilizobaki 22 shika mkononi. Pande zote mbili panga hivyohivyo, mimi na wewe. Kila mtu anasogeza kete zake na za mwenzake kwenye ubao wake, asubuhi unatuma namba na upande, kushoto au kulia, jioni natuma mimi. Hata kama umechoka, namba moja na neno moja haikushindi. Na matusi ya mchezo yanaruhusiwa kwa voisi, ila zisizidi dakika moja, bando nanunua mwenyewe.

Ukiliuliza lile gemu likusaidie ntajua, nimekaa nalo usiku mwingi kuliko wewe, najua linavyowaza.

Mkubwa ndo anaanza. Hapo mwanzo hamna cha kula, kwa hiyo natakata tu, yaani nasambaza bila kula: nanamua la 6, naenda kulia. La 7 sasa lina tatu, la 8 lina moja, ya mwisho imelala pembeni mstari wa nyuma. Nyumba yangu ina sita zake na mkononi nina 21.

Zamu yako.

Baba